Kifuniko Kisichovuja

Mjomba alirudi kutoka Mombasa na kifuniko kipya cha injini, na alikuwa amekiweka kwenye kiti cha mbele cha gari, kiti ambacho siku zote alimpa abiria mkubwa wa umri. Toka Likoni hadi Waa hakukubali mtu akikalie. Abiria walishuka nyuma wakinung'unika, na mkaza mjomba, aliyekuwa akipeta mchele barazani, akainua macho.

"Nani huyo aliyekalia kiti cha wazee?"

"Mgeni wa Uingereza," alijibu mjomba.

"Mbona hashuki akasalimu?"

"Hajui Kiswahili. Atazungumza naye mumeo mdogo."

Mume mdogo ndiye mimi. Kwa desturi ya zamani ya kwetu, mali ya mtu ilirithiwa na mtoto wa dada yake, na mkaza mjomba alikuwa akinitania kwamba iko siku nitalirithi gari na yeye akiwa ndani yake. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu huko Kampala, nikisubiri barua ya kazi, na sikuwa na shughuli yoyote isipokuwa kula chakula chao na kubishana nao.

Mjomba alikifungua kifuniko mbele yetu. Kilikuwa cha aluminiamu nzito, kimesuguliwa hadi kikang'aa, na juu kilikuwa na mistari iliyoinuka kama mbavu. Mkaza mjomba alijitazama ndani yake, akasogeza ushungi wake. Kilikuwa kizuri kuliko gari lenyewe, na hilo halikunipendeza. Nilijiuliza ni watu gani wanaoketi kiwandani Uingereza kutengeneza mapambo ya magari ambayo wenyewe wameshaacha kuyaunda.

Naeleza kwa wasiojua. Juu ya injini ya gari kama lile kuna vyuma vidogo vinavyopanda na kushuka bila kupumzika, vikiogeshwa na oili. Hivyo ndivyo vinavyofunikwa, na mafundi wa Mombasa hukiita kifuniko chake tapeti kava. Kile cha kwanza kilikuwa cha bati jembamba. Hewa ya bahari ilikuwa imekila, na miaka ya kukazwa na kulegezwa ilikuwa imepinda kingo zake. Oili ilivuja, ikadondokea bomba la ekzosi lenye moto, na moshi ukapenya ndani kwa abiria. Mkaguzi wa magari ya abiria, ambaye alifika Kwale mara moja kwa mwezi, alikuwa ameandika katika karatasi ya mjomba kwamba oili ile isionekane na moshi ule uwe umekwisha atakaporudi, la sivyo ruhusa ya kubeba abiria ingefutwa. Kiwanda cha gari hakikutoa tena vifuniko vile. Mwenye duka la spea alitafuta katika vitabu vyake akapata hiki, kazi ya kiwanda kingine kabisa, ambacho kilidai kwamba kingekaa sawasawa.

Kwa mjomba ruhusa ile ilikuwa kila kitu. Kabla ya gari alikuwa fundi wa kukalafati mashua: mtu anayesokota pamba, akaichovya mafuta, akaipigilia baina ya mbao ili maji yasipite. Watu wa Bodo walimwita, wa Gazi walimwita, walimvusha hadi Mkwiro. Siku moja mashua iliyoinuliwa kwa magogo ilimlalia bega la kulia. Tangu hapo mkono ule haukupanda juu ya kifua chake, na mashua hukalafatiwa mtu akiwa chini, akipiga nyundo juu ya uso wake. Kuendesha gari alijifunza jeshini wakati wa vita, na usukani hauhitaji mkono upande juu. Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao. Akawa mtu wa kwanza wa Waa kuwapeleka watu Likoni na Msambweni kwa gari lake mwenyewe. Wanawake walimtumia salamu za misiba apitishe. Watu waliweka vikapu njiani bila kukaa navyo, wakijua atavichukua. Nyumbani mkaza mjomba alisema kwamba mumewe aliporudi na ile karatasi ya mkaguzi, aliiweka chini ya msala na hakuigusa siku tatu.

Hayo yote niliyajua. Na bado, katika wiki ile, nilichagua kubishana naye juu ya hirizi.

Ilikuwa imening'inia chini ya dashibodi, karatasi yenye aya ndani ya mfuko wa ngozi, amepewa na mwalimu wake wa chuo cha Kurani. Nilimwuliza kama kweli anaamini karatasi inaweza kulizuia gari lisianguke. Akasema ni maneno, si karatasi. Nikasema maneno kuandikwa hakuyafanyi kuwa kweli, kwamba kila kilichoandikwa kimeandikwa na mtu, na mtu anaweza kukosea. Nilizungumza vizuri sana. Majirani wawili walikuwa barazani na mmoja akasema, "Huyu mtoto wameosha kichwa chake huko, wakasahau kukianika." Wakacheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa akinisikiliza kwa makini, kama alivyomsikiliza kila mtu, na sikujua kwamba alikuwa akiyaweka maneno yangu akiba.

Siku ya kufunga kifuniko tulianza asubuhi, chini ya banda la makuti. Mjomba hakutaka fundi. Nati ni mbili tu, alisema, na fundi wa Ukunda angekaa wiki akitafuta ya tatu. Alilivua bati la zamani, akaliweka chini taratibu, akafuta oili, akaweka gasketi mpya laini ya kuzibia kingo, iliyokuja ndani ya sanduku, kisha kifuniko juu yake. Kilikaa. Akawasha injini, na mara tukasikia kok kok kok kok, mfano wa mtu anayebisha mlango kwa hasira.

"Zima!" nilipiga kelele, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Kilikuwa kifupi kwa kina. Vyuma vya ndani vilikuwa vikikigonga kwa chini. Mjomba alikivua, akatazama mikwaruzo, akaiweka midomo yake mbele kama afanyavyo akifikiri. Kisha akachukua sanduku lenyewe la kadibodi nene lililokileta kile kitu kutoka Uingereza, akakata kwa kisu gasketi ya pili, akailoweka oili, akaziweka mbili pamoja. Kifuniko kikainuka unene wa kidole cha mtoto. Akawasha. Kimya, ila mngurumo wa kawaida.

Lakini sasa palikuwa na ufa baina ya gasketi na gasketi, na hapo ndipo alipotoka ndani ya nyumba na mfuko ambao sikuwa nimeuona tangu utotoni. Ndani yake mlikuwa na patasi butu, nyundo ya mbao, pamba, na chupa ya sifa, yaani mafuta ya ini la papa wanayopaka mashua. Harufu ilifika kabla yake. Paka wa jirani alikuja akaketi.

"Mjomba, hiyo ni injini."

"Naiona."

"Si mashua."

"Mashua huzuia maji yasiingie. Hii huzuia oili isitoke. Tofauti ni mlango tu."

Na niseme kweli: ilikuwa raha kumtazama. Gari lilikuwa chini ya kifua chake, mkono haukuhitaji kupanda, na bega likasahau kwamba limevunjika. Alisokota pamba kwenye paja, akaichovya, akaiingiza kwenye ufa kwa patasi, ton, ton, ton, mapigo yasiyozidi wala kupungua, akizunguka kifuniko kizima bila kuinua macho. Mkaza mjomba alitoka jikoni akasimama mlangoni. Nadhani alikuwa hajaisikia sauti ile kwa miaka.

Ndipo alipofika kwenye bomba.

Ubavuni mwa kifuniko kipya palitokeza kijibomba kifupi, wazi, kipana kama dole gumba. Kifuniko cha zamani hakikuwa nacho. Mfuniko wa kujazia oili wa zamani ulikuwa na matundu madogo madogo yenye wavu. Huu mpya ulikuwa mzima, wa kukaza kwa mkono, umeng'arishwa. Mjomba alitia kidole kwenye bomba, akakitoa.

"Mgeni wako anasemaje hapa?"

Nilikuwa na ile karatasi ya maelezo, imekunjwa mara nne. Ilisema kwamba bomba liunganishwe kwa mpira hadi kwenye chujio la hewa, na kwamba lisizibwe kamwe. Sanduku halikuwa na mpira. Nilimsomea.

"Mpira uko wapi?"

"Haukuletwa."

"Basi tutaziba."

"Imeandikwa lisizibwe, mjomba."

"Imeandikwa na nani?"

"Na waliokitengeneza."

Akanitazama. Hakuwa na kejeli. Laiti angekuwa nayo.

"Ni hawa waliosema kitakaa sawasawa, kikagonga? Ni hawa waliosahau mpira? Juzi uliniambia kila kilichoandikwa kimeandikwa na mtu, na mtu hukosea. Nimekaa nikalifikiri lile neno. Nikaona lina maana. Leo karatasi imekuwa kweli?"

Mkaza mjomba, pale mlangoni, akaguna, "Haya, mume wangu mdogo. Umepatikana."

"Hii si sawa na ile," nilisema.

"Kwa nini?"

Hilo lilikuwa neno langu. Nilikuwa nimelitumia tangu nina miaka saba, kwa walimu, kwa mama yangu, kwa imamu, kwa wahadhiri wa Kampala walionipenda kwa ajili yake. Sikuzoea kulisikia likinijia. Nilisomea historia. Nilijua sababu za vita vya watu waliokufa miaka mia mbili iliyopita, lakini kwa nini injini isizibwe tundu, sikujua. Karatasi haikueleza, ilikataza tu. Nikatazama tundu, nikatazama karatasi.

"Labda hewa," nilisema.

"Hewa inafanya nini?"

"Labda inataka kutoka."

"Labda," alisema mjomba kwa upole. "Nimeziba matundu miaka mingi, mwanangu. Tundu ninaloliacha wazi ndilo linaloniamsha. Mchanga wa barabara hii utaingia hapa. Oili itaruka hapa, na mkaguzi ataona oili. Ametaka isionekane oili. Wewe umesoma barua yake."

Nilikuwa nimeisoma. Alichonga kizibo cha mti wa mkoko, akakizungushia pamba yenye sifa, akakipigilia ndani mpaka kikawa sawa na mdomo wa bomba. Mapigo manne. Nami nikakunja karatasi mara nne.

Kwa siku tatu alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Alikwenda Msambweni na kurudi, barabara tambarare, mwendo wake wa polepole, na kila aliporudi alifungua boneti, akapitisha kitambaa cheupe kuzunguka kifuniko, kikatoka cheupe. Moshi haukuwapo. Iliyokuwapo ni harufu. Sifa ikipata moto hunuka kama soko la samaki lililofungwa milango, na nilipofuatana naye safari moja, bibi mmoja wa Ukunda aliyevaa nguo za harusi alishika pua toka alipopanda.

"Dereva, gari lako limevua leo?"

"Limevua, mama. Limekuvua wewe."

"Basi nishushe kabla hujanikaanga!"

Gari zima lilicheka, naye mjomba zaidi ya wote. Alikuwa ameanza kupiga mluzi tena. Nyumbani aliitoa ile barua ya mkaguzi chini ya msala akaiweka juu ya kabati, mahali pa vitu vya kawaida.

Nilianza kujiuliza kama si mimi niliyekosea. Nilikuwa na tabia ya kushuku kila kitu, na mtu wa namna hiyo lazima ashuku na shaka zake. Kitambaa kilikuwa cheupe, nilikiona. Ushahidi wangu mimi ulikuwa mstari mmoja wa Kiingereza.

Hata hivyo, siku moja kabla ya kwenda Kwale, mjomba alipokuwa msikitini kwa sala ya adhuhuri, nilichukua koleo nikafungua boneti. Niliwaza kukitoa kizibo, kisha nimweleze baadaye, nikipata la kueleza. Hakikushikika. Nilijaribu kukichimba kwa ncha ya bisibisi, kipande kidogo cha mti kikabanduka, bisibisi ikateleza na kuchora mstari mrefu juu ya aluminiamu iliyong'aa. Nikaacha. Niliogopa kukivunja. Nilikuwa na digrii na mikono isiyojua kushika koleo.

Mjomba aliporudi aliuona mchoro mara moja. Alikaa akiutazama. Nilingoja akasirike.

"Kesho ukitaka kukaa nyumbani, kaa," alisema.

"Nitakuja. Nitakutafsiria."

"Haya. Uvae vizuri."

Usiku wote nilipanga sentensi. Nilikuwa nimezipanga kama kwa mtihani: kwamba mjomba wangu ametekeleza maagizo, kwamba kiwanda hakitoi tena kifuniko, kwamba tunaomba fikira za bwana mkaguzi. Niliona kwamba hapo ndipo patakapokuwa na kazi yangu, Kwale mlimani, penye Kiingereza.

Tuliondoka mapema bila abiria. Kombani tuliacha barabara kuu, na kutoka hapo barabara inaanza kuupanda mlima, kona baada ya kona hadi Kwale. Injini ya zamani haipendi kilima. Mjomba aliirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, na gari likalia. Kwa muda tulikwenda. Kisha nikasikia kitu mbele yetu kikisema tak, kidogo tu, na moshi wa buluu ukachomoza penye kanyagio.

Tulisimama. Mjomba aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka kutoka tunduni mwake, kikalala juu ya betri. Kutoka kilipokaa, oili ilikuwa imetapakaa ubavu mzima wa injini na juu ya ekzosi, na ilikuwa ikikaangika. Nilichungulia chini. Nyuma ya injini pia ilikuwa ikidondoka, tone, tone, juu ya changarawe.

Mjomba hakutazama huko kwanza. Alipitisha kidole kuzunguka kifuniko. Akakigeuza kidole akanionyesha.

"Hakivuji," alisema.

Na kweli hakikuvuja. Katikati ya ile karaha kilikuwa kikavu, kinang'aa, na mchoro wangu juu yake.

"Mjomba, tutoe kizibo."

"Hapa?"

"Hapa."

Alifikiri. Siwezi kusema hakufikiri. Alisimama na mkono wake mbovu umeshikwa na mzima, akitazama kilima kilichobaki.

"Tukitoa, tutafika na tundu wazi mbele ya mtu aliyesema hataki kuona oili. Hiki kijiti kimetoka kwa sababu kimelegea. Kikifungwa hakitatoka."

"Oili itatoka kwingine."

"Wapi?"

Sikujua wapi. Nikanyoosha mkono kuelekea injini nzima, mkono wa mtu anayeonyesha mvua. Naye akararua ukingo wa kitambaa chake cheupe, akakirudisha kijiti, akakifunga kwa fundo la kibaharia ambalo hata shetani asingelifungua. Akafuta kila alipofikia. Akaondoa jiwe. Tukapanda.

Kutoka pale, nilitazama nyuma mara moja tu. Mstari mweusi ulikuwa ukitufuata barabarani.

Mkaguzi alikuwa Mzungu wa makamo, kaptura na soksi ndefu, ameketi kwenye kiti cha kukunja nje ya ofisi za serikali. Malori mawili yalikuwa mbele yetu. Zamu yetu ilipofika nilishuka, nikafunga kifungo cha koti, nikaanza sentensi yangu ya kwanza. Alinisikiliza hadi katikati.

"Wewe iko nani?"

Nilimjibu kwa Kiingereza.

"Mimi nataka mwenye gari," alisema, kwa kile Kiswahili chao cha mashambani, akanipita. Hakuhitaji mkalimani. Nilibaki nimesimama kwenye jua na koti langu, nikibeba sentensi tatu ambazo hazikuulizwa.

Alifungua boneti. Alikitazama kifuniko, akapiga mluzi mdogo wa kukisifu. Kisha akatazama fundo la kitambaa. Kisha akapiga goti, akatazama chini ya gari, ambako oili ilikuwa imeanza kutengeneza ziwa. Aliponyanyuka alikuwa ameshaliona bomba.

"Nani nafunga hii?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Sijui kwa nini. Labda ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kufanya jambo.

"Ni mimi, bwana," alisema mjomba. "Kijana huyu alinikataza. Alisoma kwenye karatasi akanikataza."

Ningependa angesema chochote kingine. Mkaguzi alinitazama mara ya pili, sasa kwa hamu kidogo, kama mtu aliyetazama kiti akaona kinatikisika. Kisha akachukua koleo lake, akakizungusha kizibo kulia na kushoto, polepole, na kikatoka kizima. Akaagiza injini iwashwe. Mjomba akawasha, akaja. Yule Mzungu aliushika mkono wa mjomba, ule mbovu bila kujua, akakiweka kiganja mbele ya bomba.

"Nasikia?"

"Nasikia, bwana. Kama pumzi."

"Ndiyo. Moto ndani nafanya moshi. Moshi nataka toka. Wewe nafunga mlango yake, yeye nasukuma mafuta toka mlango ingine. Hii, hii, na ile ya nyuma. Sasa ile ya nyuma nakufa."

Hayo tu. Maneno yaliyovunjika, sarufi ya jikoni, na ndani yake ile "kwa nini" ambayo sikuweza kumpa mjomba. Mjomba hakuondoa kiganja. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, na niliona kwamba ameelewa kabisa, na kwamba angeelewa vilevile siku ile chini ya banda, kama pangekuwa na mtu wa kumwambia.

Mkaguzi aliketi kuandika. Nilikuwa nimesimama mbele yake, na nilijua kusoma maandishi yaliyopinduka. Niliyasoma yakitoka kwenye kalamu: kwamba sili ya nyuma ya injini, inayozuia oili isitoke, imeharibika, kwamba injini ishushwe yote na ifanywe upya kwa fundi anayetambuliwa, kwamba ruhusa ya kubeba abiria imefutwa hadi hapo. Injini kufanywa upya, kwa gari lile, ilikuwa sawa na kusema kamwe. Elimu yangu ilinisaidia kwa hilo: nilijua sekunde chache kabla yake. Mjomba alikuwa akinitazama usoni, akingoja nimtazame, nami niliendelea kutazama kalamu.

"Anaandika nini?"

"Ngoja amalize, mjomba."

Mkaguzi alimaliza, akamwambia kwa Kiswahili chake kilichoandikwa, akampa karatasi. Mjomba aliikunja akaiweka ndani ya kanzu. Akamshukuru mkaguzi, ambaye alisema "Pole, mzee," na nadhani alimaanisha. Akajaza oili ya akiba, akaokota kile kizibo cha mkoko kilichotupwa chini, akakifuta kwa kidole, akakitia mfukoni.

Kushuka kulikuwa kwepesi. Bomba lilikuwa wazi, kijiti kilikaa mahali pake bila kufungwa, na kulikuwa na moshi kidogo tu. Karibu na Kombani mjomba akakitazama kiganja chake.

"Kama pumzi," alisema. "Moto."

"Nisamehe, mjomba."

"Wewe ulisema hewa. Ulisema labda."

Kombani watu walikuwa wakingoja kama kila siku. Nilikuwa nimelisahau hilo. Bibi mmoja na furushi lake, wanaume wawili na tenga la kuku. Walipoliona gari waliinua mikono, si kwa kuomba bali kwa mazoea, na bibi alikuwa ameshaanza kuinua furushi. Mguu wa mjomba ulikwenda kwenye breki. Nililisikia gari likipunguza mwendo. Kisha mguu ukarudi, akainua mkono wake mzima kuwasalimu, akapita. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu na waliviona.

"Ee!" mwanamume mmoja alipaza sauti nyuma yetu. "Siku hizi unabeba makoti tu? Mmekuwa Wazungu!"

Wengine wakacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa bado ameshika furushi hewani.

"Waache," alisema mjomba.

Lakini sikuweza kuwaacha. Nilitoa kichwa dirishani, nikageuka, nikaanza kuwaeleza: kwamba si kiburi, kwamba ni karatasi, kwamba injini ina pumzi. Vumbi letu lilikuwa limeshawafunika, na tulikuwa mbali.